Mradi wa bei ya dagaa: kuwafundisha walimu TEHAMA kwa wiki kumi bila kuanza na kompyuta

Semina nyingi za TEHAMA kwa walimu huanza na sehemu za kompyuta, zikaingia kwenye kuandika barua, zikaishia kwenye picha ya pamoja na cheti. Mwezi mmoja baadaye kishikwambi kimefungiwa kabatini. Mwalimu hana kosa. Alifundishwa vitufe kabla ya kupata kazi inayovihitaji, na kitu kisicho na kazi husahaulika.

Mwongozo huu unaanza na swali ambalo walimu wenyewe wanataka kulijibu, na kompyuta inaingia pale tu daftari linaposhindwa. Umeandikwa kwa ajili ya wawezeshaji wa shule zilizo karibu na ziwa mkoani Mwanza: Kirumba, Igombe, Kayenze, Nansio, Kome na kwingineko dagaa wanakoanikwa. Walimu wanafanya mradi wao kwanza, kwa mikono yao, kuanzia swali hadi ripoti. Wakishaumaliza ndipo wanaupeleka darasani. Usikubali kuruka sehemu ya kwanza, hata kama muda ni mfupi. Mwalimu ambaye hajawahi kusafisha takwimu zake mwenyewe hawezi kumsaidia mwanafunzi aliyekwama.

Swali lenyewe

"Bei ya dagaa kavu hapa kwetu inapanda na kushuka kwa sababu gani?"

Tumelichagua kwa sababu tatu. Kila mwalimu ananunua dagaa, kwa hiyo hakuna anayehitaji kuelezwa umuhimu wake. Kila mtu ana maoni kuhusu jibu, lakini hakuna aliyeliandika. La tatu ndilo kubwa: bei hii ina sababu ya kusogea ndani ya muda mfupi. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, na taa huvuta dagaa vizuri wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mwanga wa taa hupotea ndani ya mwanga wa mwezi, na wavuvi wengi hupumzika au hurudi na kidogo. Mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu. Ukikusanya bei kwa wiki 5 umeufunika mzunguko mzima pamoja na siku chache za akiba.

Shule zilizo mbali na ziwa, kama za Kwimba, zinaweza kutumia nyanya au mkaa. Wengine hupendekeza bei ya petroli kwa kuwa EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, huitangaza wazi. Usiichukue kwa mradi huu. Bei kikomo hutolewa mara moja kwa mwezi, Jumatano ya kwanza, kwa hiyo ndani ya wiki 5 utapata nukta moja au mbili, na nukta mbili haziwezi kumfundisha mtu kusoma grafu.

Watu, vifaa na ruhusa

Chukua walimu 18 kutoka shule 6, watatu kila shule. Mwalimu mmoja aliyetoka peke yake shuleni kwake hurudi akawa fundi wa kuwachapia wenzake mitihani, na mradi hufia hapo. Watatu hukumbushana. Jitahidi wasiwe wa somo moja: wa Hisabati, wa Kiswahili na wa Jiografia au Sayansi ndio mchanganyiko mzuri, kwa sababu mradi una hesabu, una ripoti na una mazingira.

Vifaa vya chini kabisa ni vishikwambi 6, kimoja kwa kila kikundi. Shule nyingi zina vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 kisha vikagawiwa walimu, na hivyo vinatosha. Ongeza laptop 2, projekta 1 (ukuta mweupe au shuka jeupe linatosha badala ya skrini), soketi za kuunganisha 3 zenye waya wa mita 5, pawabenki 2 za mAh 20,000, mizani 6 za jikoni zinazopima hadi kilo 5, na simu mbili za kutoa mtandao zenye laini za kampuni tofauti. Mtandao mmoja ukilala, mwingine huwa macho.

Umeme si mwingi kama watu wanavyohofia. Vishikwambi 6 kwa wati 10 kila kimoja ni wati 60, laptop 2 kwa wati 65 ni 130, projekta ni kama 250. Jumla wati 440, ambazo hata jenereta ndogo ya kilowati 1 inazibeba. Kinachoharibu siku ni soketi ya bei rahisi iliyolegea: kishikwambi kinaonyesha alama ya chaji lakini asilimia haipandi. Jaribu kila tundu siku moja kabla.

Washa pia kila kishikwambi siku mbili kabla, tena kwa saa nzima. Kifaa kilichokaa kabatini miezi mitatu kina mambo matatu kinayosubiri kukufanyia. Kwanza kitaanza kusasisha programu zote mara tu kitakapoona mtandao, na vishikwambi 6 vikifanya hivyo pamoja bando la siku nzima huisha kabla ya chai. Ingia kwenye mipangilio ya Play Store uzime usasishaji wa moja kwa moja. Pili, betri ikiisha kabisa tarehe ya kifaa huweza kurudi nyuma miaka, na hapo kila tovuti itakataa kufunguka ikidai si salama. Walimu hudhani ni virusi. Rekebisha tarehe tu, tatizo limekwisha. Tatu, kumbukumbu huwa imejaa video. Hamishia kwenye flashi baada ya kumuuliza mwenyewe, usifute.

Akaunti za barua pepe zifunguliwe au zifufuliwe kabla ya siku ya kwanza. Hapa ndipo semina nyingi hupoteza asubuhi yote: mwalimu amesahau nenosiri, na namba ya uthibitisho inatumwa kwenye laini aliyoiacha zamani. Mtumie kila mwalimu ujumbe wiki moja kabla: ingia kwenye akaunti yako leo, ukishindwa nijulishe leo. Usifungue akaunti moja ya watu wote yenye nenosiri lililoandikwa ubaoni. Ni njia rahisi, lakini unawafundisha walimu 18 tabia ambayo baadaye utataka waiache.

Ruhusa ni mbili. Ya kwanza ni ya afisa elimu kata na wakuu wa shule, ili saa moja na nusu kila Jumatano ihesabiwe kuwa sehemu ya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Jumuiya za Ujifunzaji tayari zipo mashuleni, kwa hiyo ingia humo badala ya kuanzisha kikao kipya. Ya pili ni ya uongozi wa BMU, kikundi cha wananchi kinachosimamia rasilimali za uvuvi kwenye mwalo, pale mitumbwi inapotia nanga. Nenda mwenyewe, eleza kuwa walimu watauliza bei, hawatadai ushuru wala kuandika majina ya watu. Usipofanya hivyo wauzaji watawaona walimu na daftari wakadhani ni watu wa mapato, na bei watakazowapa hazitakuwa bei.

Sema mapema pia habari ya nauli, chakula cha mchana na bando. GB 2 kwa kila kikundi zinatosha wiki zote 5 ikiwa hawatumi picha. Wanaotoka Ukerewe wanategemea ratiba ya meli, kwa hiyo usipange kuanza saa 2 asubuhi kisha ukawalaumu.

Kalenda: wiki kumi hizi zisigongane na Septemba kwa shule za msingi, wakati wa mtihani wa darasa la saba, wala Novemba kwa sekondari.

Siku ya kwanza (Ijumaa): daftari tu

Asubuhi pima hali ilivyo. Mpe kila mwalimu kifaa na kazi tano, dakika 20, bila msaada: fungua faili uliyopewa, panga mistari kwa tarehe, tafuta wastani wa safu ya bei, tengeneza grafu, mtumie jirani yako faili hilo kama PDF. Andika ngapi amemaliza mwenyewe. Usisome matokeo mbele ya watu. Utarudia kazi hizihizi wiki ya saba, na mwalimu atajilinganisha na yeye mwenyewe.

Kisha weka vifaa pembeni. Wape swali la dagaa, waache wabishane kwa nusu saa. Andika dhana zote ubaoni: mwezi, mvua inayozuia kuanika, mafuta ya boti, wanunuzi kutoka nje ya nchi, mwisho wa mwezi mishahara ikitoka. Mchana kila kikundi kiende kwenye mwalo au soko la karibu na daftari na kalamu, kiulize bei kwa wauzaji watatu, kirudi. Usiwaambie namna ya kuandika. Hilo ni la makusudi.

Wakirudi, bandikeni karatasi sita ukutani. Mmoja ameandika "7,000/=", mwingine "elfu saba", mwingine "7.000". Mmoja kapima kwa sado, mwingine kwa kopo, wa tatu kaandika "gunia" na hakusema kama ni la lumbesa. Mmoja kaandika bei ya kwanza aliyotajiwa, mwingine bei baada ya kupunguziwa. Waulize swali moja: tukiunganisha karatasi hizi, tunaweza kusema bei ya leo ni ngapi? Kimya kitakachofuata ndicho somo la kwanza la TEHAMA, na hakuna kifaa kilichowashwa.

Siku ya pili (Jumamosi): kutengeneza fomu

Walimu sasa wanajua wanahitaji fomu, kwa hiyo wao ndio watakaoitunga. Waongoze kufikia maamuzi haya, lakini waache wayatete wao:

Kipimo ni sado moja, iliyosawazishwa kwa mkono, bila kilele. Mara moja kwa wiki sado hiyo ipimwe kwenye mizani, kwa sababu sado ni lita 4 za ujazo, si uzito. Dagaa wakavu kabisa ni wepesi, wenye unyevu au mchanga ni wazito. Muuzaji huyo nunueni kwake siku hiyo, msimsumbue bure.

Bei ni ile aliyolipa mnunuzi wa mwisho, si ile anayotajiwa mwalimu. Unaanza na shikamoo, unauliza hali, kisha: "Aliyetoka hapa sasa hivi amechukua sado kwa ngapi?"

Saa iandikwe kwa mfumo wa saa 24. Hili lina mtego ambao ni wetu wenyewe. Mwalimu anakwenda sokoni saa 10 jioni na anaandika 10:00. Kifaa kinaelewa saa 4 asubuhi. Mwingine ameangalia kishikwambi akaandika 16:05. Katika jedwali watu wawili waliosimama kwenye meza moja wataonekana wameachana saa sita. Kubalianeni kuandika kama kifaa kinavyoonyesha, na mwandike kanuni hiyo juu ya fomu.

Tarehe ziandikwe kwa mpangilio mmoja, mwaka-mwezi-siku, mfano 2026-02-07. Ukiandika 03/04, kifaa kilichowekwa kwa mtindo wa Marekani husoma Machi 4, na cha mtindo wa Uingereza husoma Aprili 3. Makosa haya hayaonekani hadi grafu ipindishwe.

Maswali yanayobaki: mitumbwi ilitoka jana usiku? (ndiyo, michache, hapana). Mvua imenyesha leo? (ndiyo, hapana). Jina la muuzaji haliulizwi. Anaitwa muuzaji 1, 2 au 3. Picha, kama lazima, ni ya sado tu, bila sura ya mtu, na alama ya mahali imezimwa kwenye kamera. Hapa tumia dakika 15 kuzungumzia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Walimu hushika taarifa za watoto kila siku, na orodha ya majina na matokeo iliyorushwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi ni taarifa binafsi vilevile.

Baada ya chakula fomu hiyo iingizwe kwenye KoboToolbox, mfumo wa kukusanya takwimu kwa fomu. Tunaipendelea kuliko Fomu za Google kwa sababu moja tu: mwalo mwingine hauna mtandao wa kuaminika, na KoboCollect, programu yake ya kwenye kishikwambi, hujaza fomu bila mtandao kisha huituma mwalimu akifika penye mtandao. Weka mipangilio kwenye kifaa kimoja, kisha vingine viichukue kwa msimbo wa QR. Kuandika anwani ya seva kwa mkono kwenye vifaa 6 ni kupoteza saa nzima kwa nukta moja iliyokosewa. Bei iwe swali la namba nzima lenye kikomo, tuseme isiwe chini ya 1,000 wala zaidi ya 50,000, ili sifuri ikisahaulika fomu ikatae papo hapo.

Kosa litakalojirudia wiki ya kwanza: mwalimu anajaza, anafunga, na fomu inabaki kuwa rasimu. Hajaikamilisha, kwa hiyo haiko kwenye foleni ya kutumwa. Wafanye wote wajaze fomu tatu za majaribio ukumbini, wazitume, na wazione zimefika kwenye laptop kabla ya kuondoka.

Mikono ya mwezeshaji

Hili tungeliweka mbele ya yote kama lisingehitaji mfano. Mwezeshaji haruhusiwi kugusa kifaa cha mwalimu. Mwalimu akisema "mimi imenigomea", mkono wako utataka kwenda wenyewe. Urudishe nyuma ya mgongo. Muulize: unaona nini kwenye skrini? Ulitaka kitokee nini? Umebonyeza wapi? Mara nyingi kwa swali la pili amekwisha kuliona. Ukimgusia, utamaliza kwa sekunde tano, naye atajifunza kwamba kuna watu wa kompyuta na yeye si mmoja wao.

Ndani ya kikundi kuna jambo lilelile. Katika watatu, anayejua zaidi hukamata kifaa na wenzake humtazama. Gawa kazi: mshika kifaa, msomaji wa maelekezo na mkaguzi wa kilichoandikwa. Wabadilishane kila dakika 20, na wa kwanza kushika awe anayejua kidogo kuliko wote. Walimu wakongwe mara nyingi huona aibu kuanza. Usiwatangaze. Kaa karibu na meza yao kwa dakika kumi za kwanza, mwite "Mwalimu" kama siku zote, na swali lake la kwanza ulijibu kwa sauti ya chini.

Wiki ya 1 hadi ya 5: ukusanyaji

Kila mwalimu ana siku 2 kwa wiki, Jumapili ni mapumziko. Walimu watatu wanafikisha siku 6, wauzaji watatu kila siku, kwa wiki 5: mistari 90 kwa kikundi, 540 kwa wote. Zoezi linakula dakika 15, saa 10 jioni baada ya vipindi. Bei ya alfajiri mitumbwi ikirudi ni tamu zaidi kitakwimu, lakini mwalimu anatakiwa awe shuleni, na mpango unaomchelewesha kazini hautadumu wiki mbili.

Jumatano kila shule inakaa saa moja na nusu. Wiki ya kwanza: kutazama mistari iliyoingia na kutafuta iliyokosewa. Wiki ya pili: nenosiri imara, uthibitisho wa hatua mbili, na ujumbe wa kitapeli. Leteni ujumbe halisi uliowafikia walimu, ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii" pamoja na ule wa mikopo na ajira, mchambue nani anatuma, anataka nini, na kwa nini anataka haraka. Wiki ya tatu: kutafuta maarifa mtandaoni na kupima chanzo. Wiki ya nne tumieni kwenye akili mnemba. Iulizeni programu mojawapo bei ya sado ya dagaa kavu kwenye soko lenu wiki hii, kisha mlinganishe na fomu zenu. Itajibu kwa ufasaha, na walimu watakuwa na namba walizozikusanya wenyewe mezani za kuipimia. Hakuna hotuba inayofikia zoezi hilo.

Wiki ya tano ni ya kujaza mapengo. Siku ambayo mwalimu alikuwa msibani au mgonjwa iachwe wazi. Asiijaze kwa kukisia, na wewe usimtazame vibaya kwa kuiacha.

Jumamosi ya wiki ya 6: kusafisha na kuhesabu

Siku hii ndiyo kiini cha mafunzo. Ipe muda wote kuanzia saa 3 hadi saa 10.

Pakua takwimu kutoka Kobo, zifungue kwenye Google Sheets au LibreOffice Calc. Lakini kabla ya hapo waonyeshe mfano mdogo kwenye projekta. Andika kwenye safu E bei tano zilizotoka kwenye karatasi za siku ya kwanza:

7,000
7,000/=
7.000
8,000
8,000

Waulize wastani kwa kichwa. Watasema 7,400, na ni sahihi. Sasa andika =AVERAGE(E2:E6). Kompyuta inatoa 5,751.75. Waache wakae na namba hiyo. Kisha andika =COUNT(E2:E6), inatoa 4. Andika =COUNTA(E2:E6), inatoa 5. Tofauti ya moja ni ile "7,000/=": kwa kompyuta hayo ni maneno, si namba, ndiyo maana imeegemea kushoto mwa seli wakati namba zinaegemea kulia. Ikaachwa nje ya hesabu bila onyo. Na "7.000" imesomwa kuwa saba, shilingi saba kamili, ikavuta wastani wote chini. Alama ya /= tuliyoandika kwenye risiti maisha yetu yote, hapa inafuta pesa.

Baada ya mfano huu walimu hutafuta makosa kwenye mistari yao 90 kwa bidii ambayo hukuitegemea. Wape kanuni ya kudumu: COUNTA ukitoa COUNT lazima iwe sifuri kwenye safu ya namba. Na kwenye safu ya uzito, siku ambazo hawakupima waache seli tupu, wasiweke 0. Seli tupu haiingii kwenye wastani, sifuri inaingia.

Kila badiliko lifanywe kwenye nakala. Faili la awali liitwe "ghafi" na lisiguswe tena.

Hesabu ni mbili tu. Linganisha bei baada ya usiku ambao mitumbwi ilitoka na ambao haikutoka (hapa safu E ni bei, safu G ni jibu la swali la mitumbwi):

=AVERAGEIF(G2:G91,"ndiyo",E2:E91)
=AVERAGEIF(G2:G91,"hapana",E2:E91)

Fomula ikikataa, badilisha mkato kuwa nuktamkato, maana baadhi ya mipangilio ya lugha hutaka hivyo. Ya pili ni wastani wa kila siku, kwenye ukurasa mpya wenye orodha ya tarehe: =AVERAGEIF(Takwimu!A:A,A2,Takwimu!E:E), ambapo "Takwimu" ni jina la ukurasa wenye mistari yenu na safu yake A ni tarehe, kisha ivute hadi chini. Hiyo ndiyo itakayochorwa kuwa grafu ya mstari. Pembeni ya tarehe weka safu ya "giza" au "mwezi".

Tengenezeni grafu mara mbili: moja mhimili wake uanze sifuri, nyingine uanze karibu na bei ya chini. Ya kwanza inaonekana tambarare, ya pili ni milima ya Bugando. Takwimu ni zilezile. Mwalimu aliyeona hivyo hatasoma tena grafu ya gazeti bila kutazama mhimili.

Wataona pengine bei ikipanda wakati wa mbalamwezi, pengine isipande, kwa kuwa dagaa kavu huhifadhika na wafanyabiashara wana akiba. Yote mawili ni matokeo halali. Kinachokataliwa ni kuandika "mwezi husababisha" kwa mzunguko mmoja wa mwezi, hasa kama mvua zilianza wiki hiyohiyo. Waandike "katika wiki hizi 5 tumeona".

Wiki ya 7: kupeleka majibu mwaloni

Rudia zile kazi tano za dakika 20. Kisha kila kikundi kiandae vitu vitatu: grafu kwenye manila, ukurasa mmoja wa PDF, na ujumbe wa sauti wa sekunde 60 wa kusambazwa WhatsApp. Sauti ndiyo itakayosikika zaidi, kwa kuwa mchuuzi ana mikono yenye magamba na hana muda wa kufungua PDF. Wasilisheni kwa wauzaji na viongozi wa BMU, dakika 10 kila kikundi, na waacheni waulize. Mama aliyeuza dagaa miaka ishirini atawaeleza kilichotokea Jumanne ile bei iliporuka, na maelezo yake yaingie kwenye ripoti.

Wiki ya 8 hadi ya 10: darasani

Darasa lina wanafunzi 80 na kishikwambi kimoja. Vikundi 10 vya watu 8, vipindi viwili vilivyounganishwa, dakika 80. Vituo vitano, vikundi viwili kila kituo: kukokotoa wastani kwa mkono, kuchora grafu, kuandika aya ya ripoti, kukagua makosa, na kituo kimoja cha kifaa. Kila kipindi vikundi viwili vinashika kifaa kwa zamu, dakika 40 kila kimoja. Vipindi vitano vya namna hiyo, viwili kwa wiki, vinawafikia wote.

Usingoje kifaa ili kufundisha lahajedwali, yaani jedwali la kompyuta kama la Google Sheets. Chora jedwali kwenye manila, herufi A, B, C juu, namba 1, 2, 3 kushoto. Ita "D4" na mwanafunzi aje aandike. Mtoto aliyezoea hivyo akifika kwenye skrini anaona kitu anachokijua.

Wanafunzi wa msingi wasitumwe mwaloni. Kuna mitumbwi, kina, na kichocho kwenye maji ya kando ya ziwa. Waulize bei nyumbani na gengeni, wakiandamana na mkubwa.

Kabla walimu hawajatawanyika, kila shule ibaki na nakala tatu za kazi yake: moja kwenye akaunti ya shule, moja kwenye flashi ofisini kwa mkuu wa shule, moja kwenye kishikwambi. Majina ya mafaili yaanze na tarehe na jina la mwalo, mfano 2026-03-28_kayenze_ghafi. Na fomu ya Kobo isifungwe. Mwalimu mmoja wa kila shule aendelee kujaza bei ya Jumamosi, wauzaji watatu, dakika 15, hadi mvua za Machi hadi Mei zipite na jua la Juni lirudi kwenye vichanja.